Milango Elfu Tatu ya Bibi Nukta

Mimi nauza milango. Si mipya, mipya auze anayetaka kugombana na wateja kila mvua ikinyesha. Nauza milango iliyojipinda ikachoka kujipinda, ikatulia. Jengo likitaka kuvunjwa, mimi nimo ndani kabla ya nyundo: nang'oa milango na miimo yake, madirisha, makabati, vitasa na bawaba. Nilianza na mlango mmoja wa choo niliobeba kichwani, na yadi niliyo nayo leo sikuachiwa na baba. Kwa hiyo nikisema kuna mtu amenishinda katika mapatano, sisemi kwa adabu. Nasema kwa sababu iliniuma.

Mtu mwenyewe ni mwanamke mwembamba wa miaka sitini na minne, miwani yake imeshikizwa uzi upande wa sikio la kushoto. Kazini walimwita Bibi Nukta. Alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji kwa miaka thelathini na mmoja, yaani kazi yake ilikuwa kusoma kitabu kabla hakijawa kitabu, atoe makosa ambayo mwandishi ameapa hayamo.

Chumba chao kilikuwa na meza nne, na kila meza watu wawili. Mmoja anasoma mswada kwa sauti pamoja na alama zake zote: "Alifungua mlango mkato akatazama nje nukta." Mwenzake anafuata kwenye karatasi zilizochapwa, kalamu nyekundu mkononi. Ukikaa hivyo saa sita kwa siku, jicho linalewa. Linaanza kuona kinachopaswa kuwepo badala ya kilichopo. Dawa yao ilikuwa desturi moja waliyoiita neno la zamu. Siku ya kwanza kazini unachagua neno moja la kawaida, na tangu siku hiyo hilo ndilo mlinzi wako. Kila ukurasa unalihesabu kimyakimya, na mwenzako anayesoma analipigia vijistari pembeni. Mwisho wa ukurasa mnalinganisha. Hesabu zikipishana, ulikuwa umesinzia macho wazi, ukurasa unarudiwa. Mmoja wao alichagua "maji". Mwingine alichagua "mama" akajuta maisha yake yote, kwa kuwa waandishi hawajui kunyamaza juu ya mama zao.

Bibi Nukta alichagua "mlango" kwa sababu alikuwa amekaa kuuelekea mmoja usiofungika vizuri, uliokuwa ukimpeperushia karatasi.

Miaka miwili alihesabu tu, kama karani wa ghala anavyohesabu magunia. Mwaka wa tatu alikutana na ukurasa wenye milango mitano, na kati ya hiyo ni miwili tu ambayo ungeweza kuipigia hodi. Mmoja ulikuwa sura ya kitabu. Mmoja ulikuwa ukoo wa watu. Mmoja lilikuwa sikio, maana mwandishi alikuwa akitaja milango mitano ya fahamu. Wenzake walimaliza ukurasa wakaenda kunywa chai. Yeye alichukua karatasi ya masahihisho iliyokwisha kazi, akaikata vipande vinne, akageuza upande mweupe, akaandika sentensi ile, jina la kitabu, toleo na ukurasa. Akaipa namba moja.

Alipostaafu alikuwa amefika namba elfu tatu mia moja na kumi na mbili.

Vipande hivyo vilikaa kwenye kabati la droo sita mle mle kazini, kwa ruhusa ya mkubwa wake. Tena alivilaza kifudifudi, maandishi chini, ili vumbi lisile wino. Akumbuke nani kwamba anayevuta droo ataona upande wa juu tu, wenye chapa mbovu na michoro ya kalamu nyekundu? Kiwanda kikahamia jengo jipya wakati yeye yuko mbali anamuuguza dada yake. Jengo la zamani likauzwa, na mimi nikanunua vilivyomo.

Aliporudi alikuta jengo halina mlango hata mmoja. Akauliza, akaelekezwa kwangu. Ilikuwa Jumanne asubuhi.

"Karibu mama," nikamwambia. "Unataka wa chumba au wa nje?"

"Nataka kilichokuwa ndani ya lile." Kidole kilikuwa kwenye kabati la droo sita.

"Ah, hilo! Mninga mtupu, mchwa akiling'ata anakwenda kwa daktari wa meno. Kwa sababu ni wewe—"

"Nimelifungua miaka thelathini na mmoja, baba. Hulijui kuliko mimi. Karatasi ziko wapi?"

"Karatasi zipi? Palikuwa na chakavu tu mle."

Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaivaa tena. Hakupiga kelele. Mimi nimezoea watu wa kelele. Mtu wa kelele unajua atachoka saa ngapi.

"Ulimuuzia nani?"

"Mama, nina hati yenye muhuri. Nilinunua vyote vilivyokuwa ndani ya jengo, kwa hiyo—"

"Sijakuuliza ulinunuaje. Nimekuuliza uliuzaje."

Ikabidi niseme. Nilikuwa nimembadilishia Mama Misumari, jirani yangu wa kona ya pili, karatasi zote kwa skrubu za bawaba. Yeye anauza misumari kwa kupima, anakunja karatasi kama pembe, anakutilia humo. Vipande vya Bibi Nukta vilimfaa sana kwa misumari midogo.

Hapo ndipo aliponieleza. Ofisi ya kamusi ilikuwa inakamilisha toleo jipya, na herufi M ilikuwa inafungwa Ijumaa. Kwenye rasimu yao "mlango" ulikuwa na maana nne. Yeye alikuwa na ishirini na sita, kila moja na ushahidi wake vitabuni. Toleo jingine lingekuja baada ya miaka kumi na mitano.

"Watakulipa?" nikamuuliza.

"Hapana."

"Jina lako litaandikwa?"

"Kwenye orodha ya nyuma, kwa herufi za kutafutia miwani."

"Sasa faida yako nini?"

"Mwanafunzi akifungua kamusi akikuta maana nne, atadhani ziko nne."

Nikamwambia nimesikitika, niko tayari kumpa nusu siku nimsaidie kuuliza. Akasema siku tatu. Nikasema basi siku moja, na kabati nitampa kwa nusu bei. Akasema siku tatu, na kabati ni lake. Nikapanda hadi siku mbili. Akasema siku tatu, na kabati lifikishwe kwake. Nimeshapatana na mawakili, nimepatana na wajane, lakini sijaona mtu ambaye ukimwongezea naye anakuongezea. Tulikatia siku mbili na nusu, kabati bure na kulibeba juu yangu. Nyumbani mke wangu aliponiuliza nimeuza nini siku ile, nilimwambia nimejiuza mwenyewe.

Mama Misumari alikuwa na gunia karibu zima.

"Jirani, unaninyang'anya?" akalalama. "Karatasi ngumu hizi, msumari hautoboi! Sasa nifungie nini, viganjani?"

Nikampa magazeti ya mwaka mzima. Akayashika, akayabonyeza kama anayenunua nyanya, akakubali akinung'unika. Kisha akamgeukia Bibi Nukta: "Pole mama. Mimi nilidhani ni mahesabu ya shule ya mtu aliyefeli, kwa ule wekundu."

"Waliofeli ni waandishi," Bibi Nukta akamjibu. "Mimi nilikuwa mwalimu."

Yadi yangu haina meza za kutandazia karatasi elfu tatu. Ina milango. Tukailaza juu ya matofali, safu baada ya safu, na Bibi Nukta akaupa kila mlango maana yake. Juu ya mlango mpana wa ghala akaweka milango ya kawaida, ile ya kufunga na kufungua, na hata hiyo ilimwagika pembeni. Kwenye mlango wa jikoni akaweka milango ya ukoo: "Walikuwa watoto wa bibi mmoja, ila milango tofauti." Kwenye ule wa kioo kilichopasuka akaweka milango ya bahari, pale maji yanapopita kati ya nchi na nchi. Maduka yanayohesabiwa kwa milango yalipata mlango wake. Jambo lililokaribia kutokea, lililofika mlangoni, lilipata wake. Vitendawili vya nyumba isiyo na mlango, ambayo ni yai, navyo vikapata mahali. Upepo ukaanza kuchezea karatasi, nikamletea bawaba za chuma kila karatasi ilale. Siku hiyo wateja walisimama langoni wakidhani nimefungua shule.

Nilimwambia kwamba sisi wa biashara hii, ubao peke yake hatuuiti mlango. Uwe na miimo, kizingiti na bawaba, ndipo ni mlango; bila hivyo ni ubao unaojisikia.

"Nzuri," akasema, macho kwenye karatasi. "Iko kitabu gani?"

"Iko mdomoni mwangu."

"Ya mdomoni siyachukui. Mdomo ukiulizwa kesho unageuka."

Jumatano jioni, kwa kufuata namba, alijua zilizokosekana ni mia moja sabini na moja. Zilikuwa zimeshakwenda na misumari.

Alhamisi tukazunguka karakana. Hapo nilimwomba aniachie mimi maneno, kwa kuwa ukimwambia mtu karatasi aliyo nayo ni ya maana, umeshampandishia bei mwenyewe. Nilipakia mkokoteni makopo matupu ya rangi yenye vifuniko. Kila fundi namwambia: misumari yako kwenye karatasi itashika kutu, chukua kopo, nipe kikaratasi nikawashie moto. Wakafurahi. Wawili walimiminia misumari kwenye kopo hata kabla sijamaliza kusema. Bibi Nukta alitembea nyuma yangu kimya, akizipokea, akizinyoosha pajani.

Tukafika kwa seremala mmoja mwenye ndevu zilizojaa unga wa mbao. Huyo ndiye mlango wa mafundi wote wa upande ule. Akikukataa yeye, usijisumbue kuendelea. Akaliangalia kopo, akaniangalia mimi.

"Kopo zima kwa kikaratasi? Bwana Milango, umeanza lini sadaka? Au daktari kakwambia nini?"

"Biashara imechangamka, ndugu yangu."

"Wewe? Wewe ambaye uliniuzia bawaba moja moja kama sigara?"

Mafundi wakacheka. Nilikuwa natafuta uongo wa pili Bibi Nukta alipopita mbele yangu, akamwambia ukweli wote: karatasi ni kazi yake ya miaka thelathini na mmoja, bila hizo hana cha kupeleka kesho. Nikafumba macho. Nilijua tumekwisha.

Seremala akaweka randa chini. Akawaita watu wake wote, na wa karakana ya jirani, wakaleta karatasi kutoka mifukoni, kwenye visanduku vya zana, hata moja iliyokuwa imekunjwa kuzibia mguu wa meza unaotikisika. Makopo hawakutaka. Nilirudi nayo mengi.

Moja tu seremala hakuitoa. Alikuwa ameipigilia ukutani juu ya benchi lake. Ilikuwa na sentensi ya riwaya fulani: "Fundi alijua mlango mwema kwa sauti yake ukifungwa, wala si kwa uzuri wake ukiwa wazi."

"Hii mama nisamehe," akasema. "Nilimimina misumari nikaisoma. Nimeisoma kila asubuhi tangu siku ile."

Bibi Nukta akasogea, akainua miwani, akaisoma neno kwa neno, na alama zake. Akatoa kipande cheupe, akainakili pamoja na kitabu na ukurasa, akaipa namba ile ile.

"Ibaki," akamwambia. "Ila umeipigilia msumari kwenye mkato. Usije ukadhani ni nukta."

Jioni tulipomaliza kulinganisha, zilikosekana kumi na tisa. Tulikuwa tumepita kila mahali. Nikamwambia lile ambalo mtu yeyote mwenye akili angemwambia.

"Mama, hizo kumi na tisa si unazikumbuka? Ziandike upya ulale."

"Maneno nayakumbuka. Kurasa sizikumbuki."

"Tia ukurasa wowote. Nani atafungua kitabu ahakikishe?"

"Mimi."

Nikamweleza kwamba mimi mlango wenye ufa naupaka rangi mbili na mteja anashukuru. Akanisikiliza kwa heshima kabisa. Kisha akachukua karatasi nzima, akaandika juu yake kwa mwandiko mkubwa: Zilizopotea. Akaziorodhesha zote kumi na tisa.

Halafu akafanya jambo lililonikera zaidi. Alikuwa na sheria yake kwamba maana haihesabiwi mpaka iwe na vitabu vitatu vya waandishi watatu. Pungufu ya hapo ni mazoea ya mtu mmoja. Maana yake ya ishirini na sita ilikuwa mtu: yule ambaye huwezi kumfikia mwingine bila kupita kwake. Ilikuwa na mashahidi watatu kamili, na mmoja wao alikuwa kati ya zile kumi na tisa. Alizitazama mbili zilizobaki juu ya mlango wao, mlango mdogo wa kabati. Nilijua ndiyo aliyoipenda, kwa sababu ndiyo pekee aliyonisomea kwa sauti. Akachukua rula, akaikata kwa mstari kwenye orodha yake ya maana.

"Lakini mimi naijua hiyo maana!" nikasema. "Kila siku natafuta mtu wa namna hiyo. Ndiyo kazi yangu!"

"Najua ni ya kweli," akasema. "Sina ushahidi nayo."

Ijumaa tulifika ofisi ya kamusi na kabati juu ya mkokoteni, vipande vimerudi kwenye droo zake, mimi nikisukuma. Mhariri alikuwa mwanamke mwenye macho ya mtu aliyekesha na herufi M, chai yake imeganda utando.

"Mama, M inaondoka hapa saa tisa," akasema. "Kama ni maana moja mbili, niambie haraka."

Bibi Nukta hakumwonyesha maana ishirini na tano. Kitu cha kwanza alichoweka mezani ilikuwa ile karatasi ya Zilizopotea. Mimi nilitamani kuingia chini ya mkokoteni. Nani anafungua biashara kwa kuonyesha ufa?

Mhariri akaisoma mpaka mwisho. "Mbona hukuziandika upya?"

"Sina kurasa zake."

Mhariri akamtazama. Akainuka, akachomoa vipande sita kutoka droo tofauti bila kuchagua, akaenda kwenye rafu za chumba cha pili. Tukamsikia akifunua vitabu. Muda ulikuwa unakwenda na mimi nilikuwa natoka jasho kwa ajili ya neno ambalo nimeliuza maisha yangu yote bila kulifikiria.

Akarudi. "Cha tano umekosea. Umeandika ukurasa wa themanini na nane. Ni themanini na tisa."

"Umeangalia toleo gani?"

"La pili."

"Mimi nimeandika la kwanza. Soma mstari wa chini."

Mhariri akasoma mstari wa chini. Akarudi rafuni. Tulisikia kitabu kimoja kikifunuliwa, kikafungwa. Alipotoka hakuja na swali jingine. Aliondoa kikombe cha chai, akavuta kiti, akamwambia, "Kaa, mama. Tuanze na droo ya kwanza." Kisha akapiga simu mahali akasema M itaondoka Jumatatu.

Kamusi ilitoka mwaka uliofuata. "Mlango" umeshika safu nzima na nusu, maana ishirini na tano. Bibi Nukta alisoma ingizo lote, akakuta kosa moja la uchapaji, akawaandikia barua.

Mimi sijaacha kupaka rangi milango yenye ufa. Nina watoto wa kulisha. Lakini siku hizi mteja akiniuliza kama kuna ufa, nauonyesha kwa kidole kabla hajautafuta. Wengi wananunua huo huo na hawaulizi mingine. Sikujua kwamba hiyo nayo ni mbinu, na ukimwambia Bibi Nukta ni mbinu anakasirika.

Nilipoombwa habari hii kwa ajili ya kitabu cha maisha ya watu wasio na makuu, nikaona nafasi. Nikaandika mwishoni sentensi moja safi, nikimwita yeye mlango wangu wa kuingilia vitabuni, ili apate shahidi wake wa tatu. Nikampelekea rasimu nikijipongeza.

Aliisoma siku mbili, akairudisha na makosa arobaini na mawili kwa kalamu nyekundu. Sentensi yangu ile alikuwa ameikata yote.

"Shahidi aliyepangwa si shahidi," akasema. "Uliiandika ukiwa unanifikiria mimi na kamusi. Haifai."

"Mama, una moyo wa jiwe."

"Lakini hii inafaa." Akanionyesha mahali katikati, pale ninapoeleza tulivyofika kwa seremala. Nimemwita mlango wa mafundi wote wa upande ule. Nilikuwa nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo tunavyosema, wala sikuiona. Mimi niliyeiandika sikuiona mpaka kidole chake kilipofika.

Alikuwa tayari ameshakata kipande cha karatasi, upande mweupe juu. Ameandika sentensi yangu yote na alama zake, na namba elfu tatu mia moja na kumi na tatu. Mahali pa ukurasa ameacha wazi, na amekataa kukiweka kwenye droo mpaka kitabu kitoke nimpelekee nakala aone mwenyewe.